Kerneli Imeganda: Kumtafuta Aliyeshika Kufuli

Ukiambiwa "mtambo umeganda", bado hujaambiwa kitu. Kuna programu moja kukwama huku mengine yakienda, kuna CPU moja kuzunguka bila kutoka, na kuna ule ukimya ambao hata taa ya mtandao haipepesi. Mwongozo huu ni wa wanaoandika au kutunza viendeshi vya Linux (programu zinazoendesha vifaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo), hasa kwenye zile bodi ndogo za kusoma joto la vyumba vya barafu na kina cha matangi hapa pwani. Nimeupanga kwa dalili kwa kuwa dalili ndiyo unayoletewa. Na malalamiko ni yale yale, kuanzia kwa wavuvi wa Malindi hadi Mokowe: "Fundi, imeganda tena. Nimezima nikawasha."

Huko kuzima na kuwasha ndiko kunakoumiza, maana mara nyingi kiini cha tatizo ni kufuli, alama inayoruhusu mmoja tu kugusa kitu kwa wakati mmoja, na ushahidi wake wote uko kwenye kumbukumbu ya mashine hai. Jambo la pili la kushika kabla hatujaanza: logi ya kerneli humtaja anayesubiri, na anayesubiri mara nyingi hana kosa. Kazi yako ni kumpata aliyeshika.

Kabla ya kugusa swichi

Kama bado unaingia kwa ssh, tumia sysrq, njia ya kuiamuru kerneli moja kwa moja kwa herufi moja:

echo 1 > /proc/sys/kernel/sysrq
echo w > /proc/sysrq-trigger
echo l > /proc/sysrq-trigger
echo d > /proc/sysrq-trigger

Herufi w huandika kwenye logi michakato yote iliyo katika hali ya D (usingizi usiokatizwa) pamoja na orodha ya miito ya kila mmoja (kazi zilizoitana hadi ilipofika), l huonyesha kila CPU inafanya nini, na d hutaja makufuli yaliyoshikwa, ila hiyo hutoa kitu pale tu kerneli ilipokompailiwa na lockdep, mkaguzi wake wa makufuli. Kisha toa dmesg nje ya mashine kupitia mtandao. Usiiandike kwenye diski ya mashine hiyo hiyo, kwa sababu huenda diski ndiyo iliyokwama na amri yako itaungana na foleni.

ssh ikikataa, konsoli ya siriali inapokea mambo hayo hayo: tuma ishara ya break, halafu herufi. Na kama bodi iko Lamu nawe uko Malindi, usisubiri igande ndipo uanze kufikiria. Ni basi hadi Mokowe, kisha boti, na ukifika kijana wa zamu ameshachomoa waya. Bodi za mbali ziondoke mezani kwako zikiwa na netconsole inayotuma logi kwa mashine nyingine kwenye mtandao wa pale pale, pamoja na ramoops inayohifadhi logi kwenye sehemu ya RAM. Waeleze walioko huko kwamba ramoops hunusurika bodi ikiwashwa upya kwa kitufe cha reset, lakini waya ukichomolewa hakuna kinachobaki.

Dalili: programu moja iko hali ya D, kill -9 haifanyi kitu, mengine yanaendelea

Kwenye logi utakuta mstari wa namna hii:

INFO: task hwclock:731 blocked for more than 120 seconds.

Anayeandika hivyo ni khungtaskd, mlinzi wa kerneli anayetafuta waliokwama, na sekunde 120 ndizo alizopangiwa tangu kiwandani; unaweza kuzibadilisha kwenye /proc/sys/kernel/hung_task_timeout_secs. Ana tabia mbili za kujihadhari nazo. Akishatoa maonyo 10 hunyamaza, hadi uweke -1 kwenye hung_task_warnings. Pia hamwoni anayesubiri mutex (kufuli ambalo anayelisubiri hulala) kwa mutex_lock_killable wala mutex_lock_interruptible, kwa hiyo logi tupu si ushahidi kwamba hakuna aliyekwama. Angalia mwenyewe:

ps -eo pid,stat,wchan:32,comm
cat /proc/731/stack

Chanzo kinachoongoza hakihusiani na kufuli hata kidogo: ni memori kadi. Stima inapopotea mara kwa mara katikati ya kuandika, kadi huanza kuchoka, na kila anayeigusa hulala akiisubiri. Ukiona io_schedule au jbd2 kwenye orodha ya miito, na juu yake mmc0 ikilalamika kuhusu timeout, badilisha kadi kabla hujafungua mstari wowote wa msimbo. Folda ya NFS ambayo seva yake imezimwa hutoa sura hiyo hiyo.

Kinachofuata ndicho ninachokutana nacho zaidi kwenye vyumba vya barafu, nami nitakaa nacho kidogo. Aliyeshika kufuli amelala akisubiri kifaa kisichojibu. Chukua mfano wa hwclock hapo juu. Saa ya bodi na kihisi cha joto vinatumia waya zile zile mbili za I2C. Chumvi ya bahari inaingia kwenye kiunganishi cha kihisi, kihisi kinabaki kimeivuta SDA (waya wa data) chini, na kiendeshi cha basi, yaani cha hizo waya mbili za pamoja, kimeandikwa kisubiri bila kikomo cha muda. Kinasubiri huku kimeshika kufuli la basi zima. Dakika kadhaa baadaye hwclock anakuja kusoma saa, anakuta kufuli limeshikwa, anakwama, naye ndiye anayetajwa kwenye logi. Watu hupoteza siku nzima wakikagua kiendeshi cha saa ambacho hakina doa.

Hapa usimalize kwa kusoma mstari wa kwanza. Pitia wote waliotolewa na w. Wengi orodha zao zitaishia kwenye __mutex_lock au rt_mutex, ila mmoja ataishia mahali pengine: wait_for_completion, msleep, kazi ya kuhamisha data ya I2C. Huyo ndiye wako. Angalizo tu: kiendeshi kinachosubiri kwa kuisoma rejista mfululizo badala ya kulala hakitaonekana kwenye w, kitaonekana kwenye l.

Kabla ya msimbo, safisha kiunganishi. Kisha pima SDA kwa mita: kama iko chini wakati hakuna mazungumzo, umepata jibu. Kwenye msimbo, weka wait_for_completion_timeout au readl_poll_timeout, na uunganishe njia ya kulikomboa basi. Kerneli tayari ina i2c_generic_scl_recovery, inayopiga mapigo hadi 9 kwenye SCL (waya wa mapigo) ili kifaa kilichong'ang'ania kiachie.

Chanzo cha tatu ni njia ya kutokea iliyosahauliwa. Kazi (function) inashika kufuli, katikati inapata hitilafu, inarudi na -EIO bila kuachia. Alama yake ni ya pekee: ukipitia waliokwama, kila mmoja anasubiri na hakuna hata mmoja anayeonekana ameshika. Mshikaji ameshaondoka na kufuli mkononi, pengine hata mchakato wake umekwisha. Soma kila return iliyo kati ya mutex_lock na mutex_unlock. Kama unaandika kwa kerneli 6.5 au ya baadaye, tumia guard(mutex)(&d->lock), nalo litaachiwa lenyewe kazi ikitoka kwa njia yoyote ile. Msimbo wa zamani wenye goto ishirini sioni haja ya kuugeuza wote. Geuza kazi iliyokuuma.

Cha nne, maarufu kuliko kinavyotokea, ni mpangilio kinyume: mmoja ameshika A anataka B, mwingine ameshika B anataka A. Utawaona wawili kwenye w, kila mmoja ndani ya kazi iliyoanza kwa kushika anachokitaka mwenzake. Dawa ni kuamua mpangilio mmoja, kuuandika juu ya faili, na kuufuata kila mahali. Mutex_trylock ndani ya kitanzi si dawa. Huahirisha tu.

Na mwisho, kujifungia mwenyewe. Mutex ya Linux hairuhusu mtu aliyeishika kuishika tena, na hili hujificha kwenye miito ya kurudi: wewe umeshika, unaita mfumo mdogo, nao unakuita kupitia ops zako (orodha ya kazi ulizoupa), unashika tena.

Ukiwa na vmcore ya kdump (nakala ya kumbukumbu iliyochukuliwa kerneli ilipoanguka), programu ya crash hukupa jina la mshikaji bila kubahatisha. Endesha foreach UN bt kupata waliokwama, pata anwani ya mutex, kisha soma sehemu yake iitwayo owner. Biti 3 za mwisho ni bendera, kwa hiyo zifute: thamani inayoishia na c1 inamaanisha task_struct iliyo kwenye c0. Kerneli za karibuni zimeanza kumtaja anayedhaniwa kuwa mshikaji pamoja na onyo lenyewe. Kama yako inafanya hivyo, umepunguziwa kazi.

Dalili: inakwama wakati wa rmmod (kuondoa moduli) tu, au wakati wa kuzima

Hii ina chanzo kimoja kinachozidi vyote, na utakijua kwa jozi ya maonyo. La kwanza ni la rmmod, orodha yake ikiwa na cancel_delayed_work_sync na __flush_work. La pili ni la kworker, uzi wa kerneli unaoendesha kazi zilizopangwa, orodha yake ikiishia kwenye __mutex_lock. Fungua kazi ya kuondoa moduli, utakuta hivi:

mutex_lock(&d->lock);
cancel_delayed_work_sync(&d->soma_joto);
mutex_unlock(&d->lock);

Na soma_joto, ile kazi iliyopangwa, yenyewe huanza kwa mutex_lock(&d->lock). Anayeondoa moduli ameshika kufuli akisubiri kazi iishe, na kazi haiwezi kuisha bila kufuli hilo. Mezani haitokei kila mara, kwa kuwa kazi inaamka kila baada ya sekunde kadhaa na lazima zigongane. Ndiyo maana moduli hupita majaribio yote, halafu hukwama siku ya kusasisha.

Sitisha kazi kabla ya kushika kufuli. Kama kuna njia nyingine inayoipanga kazi hiyo upya, weka bendera inayosema kifaa kinaondoka, na kila njia iikague kabla ya kupanga. Ugonjwa huo huo upo kwa del_timer_sync, ambayo kwenye kerneli mpya ni timer_delete_sync, na kwa free_irq. Zote husubiri mtu amalize, kwa hiyo usiziite ukiwa umeshika kitu anachokihitaji mtu huyo.

Dalili: CPU moja imekwama, mashine inasuasua kisha inakata

watchdog: BUG: soft lockup - CPU#2 stuck for 22s!

Onyo hili hutoka CPU ikizidisha mara mbili ya watchdog_thresh, ambayo kwa kawaida ni sekunde 10. Huenda likafuatana na lile la RCU (utaratibu wa kerneli wa kusoma data bila kufuli), ambalo kwa kawaida huja baada ya sekunde 21. Ni tatizo moja linaloripotiwa na walinzi wawili.

Angalia kwanza kama kuna kufuli kwenye orodha ya miito. Kama hakuna spin_lock (kufuli ambalo anayelisubiri huzunguka bila kulala) wala queued_spin_lock_slowpath, huenda ni kitanzi kirefu tu kinachohitaji cond_resched, na huna sababu ya kuendelea na sehemu hii.

Ikiwa queued_spin_lock_slowpath ipo, CPU iliyotajwa inasubiri. Tafuta nyingine kwa l. Kwenye bodi nyingi za ARM, CPU iliyozima makatizo (interrupts, ishara zinazoikatiza kazi yake) haiwezi kujibu l, na hapo kutojibu kwenyewe ndiko jibu: iliyonyamaza ndiyo ya kushukiwa.

Mara nyingi utamkuta mshikaji akiisoma rejista ya kifaa mara elfu na elfu huku kufuli liko mkononi. Baada ya hapo mshuku aliyelala akiwa ameshika spin_lock: kmalloc yenye GFP_KERNEL, copy_from_user, msleep, au mutex_lock ndani yake. Hili usilitafute kwa macho. Washa CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, uendeshe tena, na kerneli itasema "sleeping function called from invalid context" pamoja na faili na mstari. Kisha kuna taima: kufuli linaloshikwa na mchakato wa kawaida na pia na kazi ya taima linahitaji spin_lock_bh upande wa mchakato, la sivyo taima italipuka kwenye CPU ile ile na kumsubiri mtu iliyemkatiza.

Mara chache, kufuli lenyewe limeharibika. Halikuanzishwa kwa spin_lock_init, au liko ndani ya muundo ulioshaachiwa kwa kfree. CONFIG_DEBUG_SPINLOCK itakwambia "spinlock bad magic". Ukiuona ujumbe huo acha kufikiria makufuli, washa KASAN, mkaguzi wa kumbukumbu, utafute aliyeachia kumbukumbu mapema.

Dalili: kimya kabisa

Hakuna ping, hakuna siriali, hakuna logi. Anza na umeme. Adapta dhaifu, au waya mrefu wa USB uliopitishwa chini ya mlango wa chumba cha barafu, huangusha volti pale redio inapowaka, na bodi hunyamaza bila kuacha neno. Badilisha adapta na waya, kisha subiri uone kama tatizo linarudi.

ONYO: kama bodi imefungwa kwenye sanduku moja na waya za kompresa, usilifungue. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni akate laini kwanza.

Umeme ukiwa sawa, mshukiwa ni kishughulikia katizo. Mchakato umeshika d->lock kwa spin_lock ya kawaida, katizo la kifaa linaingia kwenye CPU ile ile, kishughulikia kinataka d->lock, na CPU hiyo haitoki tena. Upande wa mchakato tumia spin_lock_irqsave. Ukiwa na CPU nne, tatu zilizobaki huendelea kwa muda hadi zihitaji kitu kutoka kwa ile ya nne, ndiyo maana wenye mtambo huapa kwamba "ilianza polepole".

Kwenye x86 kuna mlinzi wa NMI (katizo lisilozimika) anayegundua hali hii baada ya sekunde 10. Bodi ndogo za ARM nyingi hazina, ila tangu kerneli 6.5 kuna utaratibu wa CPU jirani kumchunga jirani yake, uwashe. Njia ya uhakika zaidi ni kuirudisha hitilafu ndani ya QEMU, programu ya kuigiza mashine: -smp 4, -s, nokaslr, kisha gdb na "thread apply all bt". Kila CPU inaonekana kama uzi, na yule aliyeshika anasimama mbele yako.

Dalili: haijaganda, lakini lockdep imelalamika

Wengi huupuuza ujumbe huu kwa kuwa mashine inaendelea. Lockdep, iliyoingia kwenye kerneli 2.6.18 mwaka 2006 kwa kazi ya Ingo Molnar na Arjan van de Ven, haingoji mgongano utokee. Inaandika mpangilio wa kushika makufuli na kukwambia unaweza kugongana. Kupita juu ya mwamba maji yakiwa yamejaa hakuondoi mwamba.

Ukiona "possible circular locking dependency detected", ruka moja kwa moja hadi jedwali dogo la CPU0 na CPU1 karibu na mwisho. Limechora ajali nzima kwa mistari minne au mitano. Ndipo urudi juu kusoma wapi kila mpangilio ulishikwa. "Inconsistent lock state" ni ile habari ya makatizo ya sehemu iliyotangulia.

Lockdep hunyamaza baada ya ripoti ya kwanza. Tazama debug_locks kwenye /proc/lockdep_stats: ikiwa 0, majaribio uliyofanya baada ya hapo hayana maana, washa mashine upya. Kumbuka pia kwamba huhesabu aina ya kufuli, si kufuli moja moja, kwa hiyo mzazi na mtoto wa aina moja huichanganya. mutex_lock_nested ipo kwa ajili hiyo, lakini anayeiweka bila kuthibitisha kwamba mpangilio wa mzazi na mtoto haugeuki popote amemziba mlinzi mdomo tu. Lockdep ni nzito. Mahali pake ni mezani na ndani ya QEMU. Usiipeleke kazini.

Dalili: haigandi, inachelewa tu

CONFIG_LOCK_STAT na /proc/lock_stat zitakuonyesha kufuli linalosubiriwa kuliko mengine. Kama anayechelewa ana kipaumbele cha juu, shuku kipaumbele kugeuka: wa chini ameshika, wa kati anamnyima CPU, wa juu anasubiri. Ndicho kilichokuwa kikikiwasha upya chombo cha Mars Pathfinder mwaka 1997. Wahandisi waliirudisha hitilafu kwenye nakala iliyobaki duniani, kisha wakawasha urithi wa kipaumbele (aliyeshika hupewa kipaumbele cha anayemsubiri) kwenye mutex husika kutoka huku huku. Mutex ya kawaida ya Linux haina urithi huo, rt_mutex inao. Ukihamia PREEMPT_RT, Linux ya wakati halisi iliyokamilika kuingia kwenye kerneli kuu na toleo la 6.12 mwaka 2024, elewa kwamba spin_lock sasa hulala, na inayozunguka kweli ni raw_spin_lock.

Pa kuacha na kumpa mwingine

Usiendelee peke yako ikiwa waliokwama wote wako ndani ya ext4 au xfs na diski ina data isiyo na nakala. Hapo hata sysrq c ya kuangusha kerneli kwa makusudi inaweza kuondoka na kilichokuwa hakijaandikwa. Mwite msimamizi wa data kwanza. Acha pia kama moduli iliyoshika ni ya kampuni isiyotoa msimbo, yaani ile inayotia herufi P kwenye alama za taint: mwenye kuirekebisha ni aliyeiuza. Mtambo unaolinda samaki wa watu usiufanye maabara. Weka kipimajoto cha mkono na mtu wa kukisoma, uwashe hardware watchdog ijiwashe upya, na uchunguzi ufanye kwenye bodi nyingine. Kwenye hiyo ya uchunguzi, izime watchdog, maana itafuta ushahidi kabla hujausoma.

Na kama orodha za miito zote ziko kwenye kerneli yenyewe, nje ya moduli yako, endesha scripts/get_maintainer.pl kwenye faili husika uwaandikie wanaolitunza. Waambatishie toleo kamili la kerneli, .config, matokeo ya w na l bila kuyakata, orodha ya miito iliyopitishwa kwenye decode_stacktrace.sh, na hatua za kuirudisha hitilafu. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu watakurudishia.